Mtia Chumvi wa Kiwanda cha Plastiki

Mtaa mzima ulimwita Mtia Chumvi, na katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyeogopa kutia chumvi kama yeye. Ukimuuliza kama jana mvua ilinyesha, alifikiri kwanza, akakuna kidevu, kisha akajibu, "Upande wa kwetu ilinyesha. Upande wa kwenu sijui, sikuwapo." Ukimuuliza kama chakula ni kitamu, alisema, "Kimeiva." Dada yake mkubwa, aliyekaa naye ua mmoja, alikuwa akimwambia, "Wewe mdogo wangu, hata polisi wakikuhoji, watakaochoka ni wao."

Jina lilitoka kiwandani. Kiwanda chenyewe kilikuwa nyuma ya gereji za malori, jengo refu la mabati ya buluu lenye mlango wa kusukuma unaolia kama mbuzi. Humo walitengeneza vitu vya plastiki: visanduku vya kuunganishia nyaya za umeme, vifuniko vya fyuzi, na hereni za ng'ombe, yaani vile vibao vya njano vinavyotundikwa sikioni mwa mnyama ili mwenyewe amjue hata akichanganyika na wa jirani. Kila kimoja lazima kiandikwe namba au alama. Zamani waliandika kwa wino, na wino haukudumu. Jua linaufuta, matope yanaufuta, na ng'ombe nao wana ndimi ndefu, wanalambana masikio mpaka namba zote zinakwisha. Ndipo ikaletwa mashine ya leza, inayoandika kwa mwanga.

Ila plastiki tupu haikuelewana na mwanga ule. Mwanga unapita, plastiki inabaki vilevile, au inaacha doa hafifu kama alama ya kidole. Dawa yake ilikuwa unga wa kijivu, mwepesi, unaochanganywa na chembe za plastiki kabla hazijayeyushwa. Ukishaingia ndani, unga hauonekani tena. Lakini mwanga ukipita juu yake unashika joto, plastiki iliyouzunguka inaungua kidogo, inakuwa nyeusi, na hapo hapo inatokea herufi safi. Unga huo ulikuja na jina refu la kikemia ambalo hata msimamizi alilisoma kwa kulikatakata. Mpishi wa kantini, aliyekuwa akipita na sufuria, akasimama kusikiliza maelezo, akasema, "Si mseme tu ni chumvi? Kidogo inatosha, haionekani, na ikikosekana kila mtu anajua." Basi ikawa chumvi. Na aliyepewa kazi ya kuipima na kuitia kwenye pipa la kuchanganyia akawa Mtia Chumvi.

Kazi ilimfaa kama soksi. Pipa likizunguka lilipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyetegemea aongee. Alipima unga kwenye mizani ndogo huku amebana pumzi usipeperuke, akaumimina, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe, akasimama mikono nyuma akilisikiliza pipa. Chumvi ikipungua, herufi zinapauka. Ikizidi, zinaungua na kuvimba kingo kama mkate uliosahauliwa motoni. Yeye alikuwa hapunguzi wala hazidishi. Jioni alitoka na vumbi la plastiki kwenye nyusi, akaaga kwa kuinua mkono, akaenda zake.

Shida yake ilikuwa moja tu: domo zege. Alikuwa amevuka miaka arobaini bila mke. Wanawake hawakumkimbia, yeye ndiye aliyeshindwa kuwafikia. Maneno yalimjia vizuri akiwa kitandani peke yake, asubuhi yakawa yameondoka.

Mkabala na lango la kiwanda palikuwa na chumba kidogo cha fundi cherehani, mwanamke mcheshi, mjane, mwenye futi ya kupimia shingoni muda wote. Ndiye aliyeshona ovaroli za wafanyakazi. Siku moja Mtia Chumvi alimpelekea ovaroli iliyochanika mfukoni. Wiki iliyofuata akapeleka iliyofumuka bega. Baadaye kifungo. Kisha kifungo kingine. Halafu kingine tena.

Fundi akakitazama kile kipande cha uzi kilichobaki, akamtazama na mwenye ovaroli.

"Bwana, kifungo hiki hakikudondoka. Kimekatwa kwa wembe."

"Ndiyo," akasema Mtia Chumvi.

"Nani amekikata?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kwa nini sasa?"

Mtia Chumvi akatazama sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa. Mtu mwingine angetafuta uongo wa haraka. Yeye hakuwa nao. Akasema, "Nilikosa sababu ya kuja."

Fundi alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akamtazama tena kwa jicho jingine, akasema, "Kuanzia leo njoo bila sababu. Vifungo vyangu utavimaliza." Ndivyo walivyoanza. Fundi aliongea, Mtia Chumvi alisikiliza, na kila mmoja alipata alichokuwa amekikosa.

Mambo yaliponoga, ikabaki ngazi moja ya kupanda: baba yake Fundi.

Mzee huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, sasa amestaafu. Jina lake mtaani lilikuwa Mzee Honi, na sababu yake alikuwa akiitoa mwenyewe bila kuulizwa: eti siku moja akishuka mlimani breki zilikata, akapiga honi, na honi ile ilikuwa na nguvu hata ikalisukuma lori nyuma mpaka likasimama. Kila Jumapili alasiri majirani walijaa kwenye benchi refu la kibarazani kwake, kila mtu na chuku yake, na anayeshindwa kuchekesha aliondoka mapema kwa aibu. Nyumba nzima ilikuwa ya maneno. Mkewe alikuwa hodari kuliko yeye, akafariki, na tangu hapo Mzee Honi alitafuta mtu wa kujaza nafasi ile.

Bintiye alikuwa amewahi kuchumbiwa baada ya kufiwa na mume. Mchumba alikuwa mtu mzuri, wa ofisini, mstaarabu. Alikaa kwenye benchi alasiri nzima akajibu "ndiyo" na "hapana." Alipoondoka, Mzee Honi akasema, "Mwanangu, umeniletea kabati." Uchumba ukafia hapo, na yule bwana mpaka leo akipita mtaani watoto humwita Kabati. Fundi hakuwa mtu wa kuolewa huku baba yake amenuna, alimpenda mno. Kwa hiyo aliposikia Mtia Chumvi anataka kujitambulisha nyumbani, alifurahi kwa moyo mmoja na kuogopa kwa mwingine. Kama yule wa "ndiyo" na "hapana" alikuwa kabati, huyu angekuwa nini? Ukuta?

Mzee Honi, kwa desturi ya wazazi, alitaka kwanza kumjua mtu kabla hajaja. Akamtuma shemeji yake, Mjomba wake Fundi, akadodose kule kiwandani. Mjomba akaenda saa ya mapumziko, akaketi kwenye kibanda cha chai nje ya lango, akaagiza chai, akawageukia wafanyakazi waliokuwa wakinywa.

"Samahani wakubwa. Mnamfahamu bwana mmoja, mfupi kidogo, mwenye nyusi nene?"

"Nyusi zenye vumbi?" akajibu mmoja. "Huyo Mtia Chumvi."

"Nani?"

"Mtia Chumvi. Hapa hana jina jingine."

Mjomba akaiweka chini chai yake. "Kwani anatia sana?"

"Sana? Kaka, anaingia asubuhi anatia, tukienda kula ametoka kutia, tukirudi anatia. Ndiyo kazi yake."

"Kazi yake!"

"Bila yeye hapa hakuna kinachosomeka," akadakia mwingine. "Siku alipoumwa alishika mwingine, akazidisha mpaka moshi ukatoka. Lakini huyu mwenyewe anajua kipimo. Anatia mpaka huioni. Unaangalia unasema, aa, hapa hamna kitu. Kumbe imo!"

"Imo, lakini huioni," akarudia Mjomba polepole, kama mtu anayepewa siri ya mapishi.

"Tena anatia uso mkavu kabisa. Hacheki."

Mjomba hakumaliza chai. Alirudi mbiombio, akamkuta shemeji yake barazani, akasema huku akihema, "Shemeji, kaa chini. Tumepata. Tumepata kiboko. Kiwanda kizima kinamtegemea kwa chuku!"

"Acha masihara."

"Haki ya Mungu. Wamemwajiri kwa kazi hiyo."

Mzee Honi akainua macho juu, akashusha pumzi ndefu. "Hatimaye," akasema.

Fundi alikuwa ndani akisikia yote. Akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Kesho yake Mtia Chumvi alipokuja bila sababu, kama alivyoruhusiwa, Fundi akamwambia habari yote. Mtia Chumvi akakaa kwenye kigoda.

"Lazima niende nikamwambie sivyo," akasema.

"Ukamwambie nini? Kwamba hujui kusema kitu? Hilo ataliona mwenyewe Jumapili."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Njoo na hadithi moja. Moja tu. Tunga."

"Nitungeje?"

"Chukua kitu cha kweli, halafu kivute masikio."

Mtia Chumvi alijaribu wiki nzima. Alisimama mbele ya pipa linalozunguka akijaribu kuvuta kitu masikio. Alianza, "Siku moja niliona panya mkubwa kama..." na hapo alisimama, kwa sababu panya aliyemwona alikuwa mkubwa kama panya.

Jumapili ikafika. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akafuatana na dada yake. Barazani walikuta watu wamebanana, na katikati ya benchi pengo limeachwa, kwa heshima yake. Wakasalimiana, wakaulizana hali. Fundi akaleta vinywaji akarudi kusimama mlangoni. Mzee Honi, kumpa mgeni moyo, akafungua kwa ile hadithi ya honi na mlima. Watu wakacheka kama hawajawahi kuisikia. Kisha mzee akapangusa mdomo, akamgeukia mgeni.

"Haya mkwe. Sifa zako zimefika kabla yako. Uwanja ni wako."

Jasho jembamba likaanza kumtoka Mtia Chumvi mgongoni. Dada yake akamfinya paja. Mtu mmoja mwisho wa benchi akakohoa, na kikohozi kile kilisikika wazi kabisa kama "kabati."

"Mimi," akasema Mtia Chumvi, "sina hadithi. Mimi ninatia chumvi tu."

Benchi likacheka. Mjomba akampiga Mzee Honi bega: "Si nilikwambia? Ameanza!"

"Unatia kwenye nini, mkwe?" akauliza Mzee Honi, macho yameshaanza kung'aa.

"Kwenye plastiki. Ya kutengenezea hereni."

"Hereni za kina mama?"

"Za ng'ombe."

Vicheko vikapasuka. Mtia Chumvi akashangaa. Akadhani hawakumwelewa, akajaribu kueleza vizuri zaidi. "Na visanduku vya umeme. Hivyo plastiki yake ni ngumu zaidi, kwa sababu ndani tunachanganya kioo."

"Kioo!"

"Nyuzi za kioo. Ili isivunjike."

"Mnaweka kioo," akauliza jirani mmoja huku akishika mbavu, "ili kitu kisivunjike?"

"Ndiyo. Kisha vinaandikwa. Havitumii wino. Mashine haivigusi kabisa. Inapitisha mwanga tu, herufi zinatokea."

"Mwanga gani huo?"

"Hauonekani."

Hapo Mzee Honi akaanza kupiga magoti yake kwa viganja. "Mwanga usioonekana! Mama yangu!"

"Hauonekani kwa macho," akasisitiza Mtia Chumvi, amekunja uso kwa nia njema. "Ndiyo maana mwendesha mashine anavaa miwani."

"Ili auone?"

"Hapana. Ili usimwingie machoni."

Jirani wa mwisho wa benchi alishuka kabisa akalala sakafuni. Mjomba alikuwa analia machozi. Mzee Honi alitaka kusema neno likakwama, akawa anapunga tu mkono kuomba apumzishwe. Mtia Chumvi akawatazama mmoja mmoja, akasema kwa upole, "Jamani, ni kweli."

"Ona uso wake!" akapiga kelele Mzee Honi. "Ona uso! Haupepesi hata jicho! Mimi miaka yote hii nikisema uongo nacheka mwenyewe, lakini huyu... mwanangu, huyu mchukue. Mchukue leo!"

Njiani kurudi dada yake alikuwa karibu kuruka. "Mdogo wangu! Umewamaliza! Ulikuwa umeficha wapi mdomo huo?"

"Dada, sijasema uongo hata mmoja."

"Najua. Kwani shida iko wapi?"

"Hawajanikubali mimi. Wamemkubali mtu mwingine, mwenye uso wangu."

Jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Alifikiria Jumapili zote zitakazokuja, yeye kwenye benchi lile, watu wakimngoja, na kweli zake za kiwandani zimekwisha. Akamwambia Fundi kwamba atamchukua mzee akaone kwa macho yake.

Fundi akasimamisha cherehani. "Unajua unachofanya? Baba akigundua ulikuwa unasema kweli tupu, atakuita kabati. Akishakupa jina, halitoki."

"Najua."

"Na mimi sitaolewa kwa ugomvi na baba."

"Hilo pia najua."

"Na bado unakwenda?"

Mtia Chumvi akazungusha kofia yake mikononi. "Ukiolewa na yule mwingine, yule wa hadithi, mimi nitakaa wapi?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Nenda," akasema. "Ila mvalishe baba viatu vilivyofunikwa. Yeye akienda mahali anavaa ndala."

Meneja akaruhusu ziara siku ya Jumamosi, kazi zikiwa chache. Mzee Honi alikuja amechangamka, akidhani mkwe wake anataka kumwonyesha mahali anapotungia. Alitazama pipa la kuchanganyia, akautazama unga wa kijivu, akacheka. "Hii ndiyo chumvi yenyewe? Umeitafutia mpaka gunia!" Akatazama chembe za plastiki zikiingia kwenye mashine ya kuyeyushia na hereni za njano zikitoka upande wa pili, bado za moto. Aliposikia kwamba hizo ndizo za ng'ombe, kicheko chake kikapungua sauti kidogo.

Mwishoni wakafika kwa mwendesha mashine ya leza, mama mnene mwenye maneno machache, waliyemwita Mama Taa. Mashine yake ilikuwa sanduku la chuma lenye kidirisha cha kioo cha rangi. Akampa mzee miwani.

"Nivae ili nisione?" akauliza Mzee Honi, akimkonyeza Mtia Chumvi.

"Vaa, mzee," akasema Mama Taa. "Maswali baadaye."

Kwanza Mama Taa aliweka hereni isiyo na chumvi, kama anavyofanya akiwaonyesha wageni. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akaitoa. Hereni ilikuwa njano tupu, na kivuli cha doa tu. Mzee Honi akacheka kwa raha zake zote, akampiga mkwe wake mgongoni. "Kiboko wangu! Mpaka umemwingiza na huyu mama kwenye mchezo!"

Kisha Mama Taa akaweka hereni ya pili, iliyotiwa chumvi. Mashine ikanguruma vilevile. Ndani ya kidirisha hakikuonekana kitu kinachopita, lakini juu ya njano ile weusi ukaanza kujichora wenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka ikasomeka: MZEE HONI. Mama Taa akaitoa, akampa mkononi.

Mzee akaitazama. Akaipitishia kidole gumba. Akaitemea mate akasugua. Akatoa funguo mfukoni akakwaruza. Jina likakaa palepale, limetulia.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Na kioo?"

"Na kioo."

Mzee Honi akavua miwani. "Mimi nilikupenda kwa uongo wako."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuleta."

Mzee akaitia ile hereni mfukoni, akatoka nje, akaondoka. Kwa mtu anayeitwa Honi, kuondoka kimya lilikuwa jambo zito. Mama Taa akasema, "Amekasirika?" Mtia Chumvi akafikiri, akajibu, "Mgongo wake ulionyesha hivyo. Uso sikuuona."

Kesho yake, Jumapili, alikwenda kusikiliza hukumu. Alikwenda peke yake, bila shati la kusimama. Kutoka kwenye kona alisikia kelele za kibarazani. Mzee Honi alikuwa wima, hereni mkononi, anasimulia.

"...mashine yenyewe ukubwa wa nyumba mbili! Nimeingia, mwanga ule umepita, siuoni, nasikia tu unanipita masikioni, vuuu! Kutazama, jina langu hili hapa!"

"Aa, Honi," akasema jirani mmoja. "Leo umezidi. Hiyo umeiandikisha kwa fundi rangi."

"Kwaruza! Kwaruza wewe mwenyewe!"

"Tumekuzoea, mzee. Hata honi tulivumilia tu."

Mzee Honi alikuwa ametoka jasho. Kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi, alikuwa na jambo la kweli la kusimulia, na hakuna aliyemsadiki. Ndipo akamwona Mtia Chumvi amesimama chini ya ngazi.

"Huyu hapa!" akanguruma. "Muulizeni huyu! Huyu hajui kusema uongo hata ukimlipia shule. Nimemchunguza mwenyewe. Njoo mkwe, njoo!"

Neno "mkwe" likamfika Mtia Chumvi mpaka kwenye nyayo. Akapanda ngazi. Majirani wakamgeukia.

"Kweli kuna mwanga usioonekana?" akauliza Mjomba.

"Kweli."

"Na unaandika?"

"Unaandika. Mashine haina ukubwa wa nyumba mbili, lakini. Ina ukubwa wa kabati la vyombo."

Uso wake ulikuwa uleule wa Jumapili iliyopita. Ila safari hii, kwa sababu alikuwa amempunguzia mzee nyumba mbili mbele ya watu, kila mtu aliamini. Hereni ikapita mkono kwa mkono, ikakwaruzwa kwa kucha. "Loo," akasema mmoja. "Kumbe na ile ya kioo..." "Na ng'ombe..." Mzee Honi akatazama nyuso zao, akagundua kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani: shahidi. Akalewa utamu wake papo hapo, na kama kawaida yake, hakujua mahali pa kusimama.

"Sasa niwaambie kubwa zaidi! Mwanga ule uliponipita, hamjui ulichofanya. Si mnajua meno yangu ni ya plastiki? Umeniandika jina meno yote, juu na chini! Mkwe, si kweli? Waambie!"

Kila mtu akamgeukia Mtia Chumvi. Mzee alikuwa amefunga mdomo wake kabisa asikaguliwe, macho yakimsihi. Fundi alikuwa mlangoni, futi shingoni, ameshika kizingiti. Akisema "kweli," amekwisha yeye. Akisema "uongo," amemvua nguo baba mkwe mbele ya mtaa. Mtia Chumvi akakuna kidevu. Akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa habari za mvua.

"Hapana," akasema. "Mwanga hauandiki mahali pasipo na chumvi. Meno ya baba hayana." Akasita. Kisha, kwa kuwa alipenda kueleza jambo mpaka liishe, akaongeza, "Chumvi yote iko kwenye ulimi."

Mjomba akamtazama shemeji yake, shemeji akamtazama mkwe. Mtia Chumvi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anasikia alichokisema, na masikio yakaanza kumwaka moto.

Halafu Mzee Honi akapasuka. Alicheka kwa ile sauti iliyompa jina, kuku wa uani wakatawanyika, na mdomo ulivyofunguka wote wakayaona meno, meupe, hayana hata nukta. Basi hapo ndipo benchi lilipovunjika mbavu.

"Umenimaliza!" akasema mzee alipopata pumzi. "Mbele ya watu wangu! Mjomba mtu, umesikia? Waongo humu ndani tunatosha. Huyu atakaa hapa pembeni yangu, kila Jumapili, watu wakinibishia, mimi nawaambia muulizeni huyu."

"Lakini baba, nikiulizwa nitasema ilivyo," akasema Mtia Chumvi.

"Sema! Wewe punguza, mimi nitaongeza. Jisogezeni nyie, mkwe akae!"

Wakajisogeza. Benchi lilikuwa limejaa tangu mwanzo, kwa hiyo Mtia Chumvi alipoketi upande huu, yule jirani wa mwisho akadondoka upande ule, akabaki ameketi sakafuni, akicheka. Tarehe ya ndoa ikaanza kubishaniwa palepale: Mjomba anataka karibu, dada wa bwana harusi itabidi aitwe, mzee anataka watu wengi kuliko uwanja unavyobeba. Fundi akaja na kigoda akampa jirani aliyedondoka. Akiinuka akamwinamia mchumba wake sikioni, akamuuliza kama amefurahi.

Mtia Chumvi akafikiri.

"Sana," akasema. "Sana, sana, sana."

Fundi akamtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kumsikia akilirudia neno.